Nyuzi Sabini na Moja

Watu wa makao makuu walikuja na fomu
kupima afya ya hospitali yenyewe,
si ya wagonjwa.
Wakapanda lifti hadi ghorofa ya tano,
wakahojiana na viti vinavyozunguka.
Huku chini hawakufika,
huku zinakoshukia shuka za wodi zote
na kutoboa siri.

Naitwa Kerubo. Nakunja.
Mwaka wa kumi na nne huu, nyuma ya Barabara ya Juja,
na Nairobi bado naijua kwa viatu,
vinavyopita juu ya dirisha langu la chini ya ardhi.

Dirisha lenyewe lilipigwa misumari sita
eti tusipitishie sabuni nje.
Mvuke ukakosa pa kwenda, ukahamia vifuani.
Kila jioni tulipekuliwa mikoba
kama wezi waliosahau kuiba.

Mashine mpya ikaja na kitabu cha Kitaliano.
Tukakitia chini ya mguu wa meza; meza ikatulia.
Wafubwa ndiye hakutulia:
alifungua mlango kabla ya saa yake
na ngozi ya mkono ikavuka kama soksi.
Tukaambiwa ni uzembe.
Tukaambiwa pia tutie bidii,
wakabandika bango la kututia moyo,
gundi haikustahimili unyevu.
Nthambi akapewa cheti cha mfanyakazi bora,
jina limekosewa herufi mbili.
Akakifunikia ndoo ya klorini.
Nasi tukajifunza, mmoja mmoja,
kufanya kazi kama mtu ambaye hayupo.

Kisha akaja Chelagat, msimamizi mpya,
akaketi juu ya robota la mataulo
akauliza, "Hapa panauma wapi?"
Tulicheka. Tulidhani amepotea, anatafuta wagonjwa.
Kesho yake akaja na koleo,
akang'oa misumari mwenyewe, jasho likimtiririka.
Wa sita ulimshinda, upo hadi leo.
Dirisha hufunguka nusu.
Nusu yatosha kupumua.

Nthambi akapelekwa mafunzoni siku nane,
akarudi na chaki, akaandika ukutani: 71.
"Chini ya hapo," akasema, "kijidudu kinaoga tu,
kinarudi wodini kimetakata."
Wenzangu walicheka. Mimi nilikaa.
Miaka yote hiyo nilikuwa nikinyoosha vitambaa;
hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba nalinda vidonda.

Nyuzi za joto, nyuzi za pamba:
waliotupa neno moja kwa yote mawili
labda nao waliwahi kufua.

Siku moja nikapanda ngazi, kisingizio changu foronya.
Wodi ya wazazi, kitanda cha kumi na moja:
mama kalala mdomo wazi, mtoto kwapani,
na pembe ya shuka niliyoikunja mimi.
Naijua kama mwandiko wangu.
Sikumwambia mtu. Nilishuka,
nikalikunjua rundo zima la asubuhi,
nikaanza upya.

Sitadanganya. Posho ya usiku bado twaidai.
Wafubwa hawezi kukaza ngumi.
Chelagat ana maadui ghorofa ya tano
na sijui kama atamaliza mwaka.
Ila mikoba haipekuliwi tena
na sabuni, ajabu, haipotei.

Ripoti ya wale wageni ilitushukia kwa makosa,
imeviringika ndani ya shuka
za chumba cha daktari wa zamu.
Kurasa arobaini. Hakuna aliyeiona
hadi mashine iliponyamaza.
Tulikuwa tumeifua kwa nyuzi sabini na moja.
Ilitoka nyeupe.
Haina neno.